Barua kwa Mama Mkunga: Si kila kinachowasha ni UTI

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani, miwani puani, mpaka mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, mbona unaguna?" Naguna kwa sababu maneno mawili yamejaa kila bahasha: UTI na chango. Kwa mnaofungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, mimi ni nesi mkunga mstaafu. Wodi ya wanawake na kliniki nimezikalia miaka 31, na sasa nipo Tanga nafuga kuku na kujibu barua. Majina sitaji, na pale ambapo mtu angeweza kutambulika nimebadilisha kidogo.

Shikamoo Mama. Nina miaka 26, nauza nguo Mbagala. Tangu mwaka jana nina UTI sugu. Nimechoma sindano vipindi vinne, kila nikimaliza dozi napata nafuu wiki mbili, inarudi. Nawashwa sana, natokwa na uchafu mweupe mzito, na nikishakutana na mwenzangu kunakuwa na harufu. Kukojoa hakuniumizi ndani, ni kuwashwa tu huku nje. Shoga yangu kaniambia nitumie shabu. Naomba jina la dawa kali kuliko hizo sindano.

Marahaba, mwanangu. Dawa kali sikutajii, maana hata hizo ulizochoma sijui zilikuwa zinamtafuta nani.

UTI ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Mwenye UTI mkojo unamchoma ukiwa unatoka, anakwenda chooni kila dakika kumi kutoa matone mawili, chini ya kitovu panauma, na ikipanda kwenye figo anapata homa na mgongo kuuma. Wewe hujaniandikia hata moja kati ya hayo. Umeniandikia muwasho, uchafu na harufu, na hayo ni mambo ya uke. Mkojo una tundu lake na uke una lake, ni majirani tu.

Sasa UTI imeingiaje kwenye daftari lako? Nitakueleza, maana nimeshiriki. Unafika na malalamiko ya "huku chini". Unapewa kichupa, unakwenda chooni, unakinga mkojo wa mwanzo kabisa. Ule mkojo unapita kwenye uchafu wa ukeni na kubeba chembe za usaha. Mtu wa maabara anaziona kwenye hadubini, anaandika alichokiona. Aliyekaa chumba cha daktari ana foleni ya watu sitini, hana nafasi wala pazia la kukukagulia. Anaandika UTI. Nami nimeliandika neno hilo siku za foleni kwenye madaftari ambayo leo nisingependa kuyaona.

Kuna binti mmoja alinijia na mfuko wa rambo una madaftari matano. Nikaanza kufunua: UTI. UTI. UTI na taifodi. UTI sugu. Miezi kumi na minne ya sindano, na hakuna ukurasa hata mmoja ulioandika kwamba kuna mtu aliyemwangalia. Nikamlaza, nikavuta pazia, nikamulika. Haikuchukua dakika tatu. Kuta za uke zilikuwa nyekundu, zimegandiwa na kitu cheupe kama mtindi uliokatika, na ngozi ya nje ina mikwaruzo ya kucha. Fangasi watupu. Zile antibiotiki zilikuwa zinawapalilia shamba.

Ndivyo inavyokuwa. Ukeni wanaishi bakteria walinzi, wanatengeneza asidi inayowazuia wageni. Antibiotiki ikiingia mwilini haiwabagui, inawaua na hao. Fangasi si bakteria, kwa hiyo sindano haimgusi, anabaki peke yake nyumba nzima. Unapata nafuu wiki mbili kisha anarudi, wewe unasema ni sugu, unaongezewa sindano.

Kwako nahisi kuna mambo mawili kwa pamoja. Uchafu mzito na muwasho unafanana na fangasi, ambaye tiba yake ni vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni usiku, au kidonge kimoja cha flukonazoli cha kumeza (mjamzito asikimeze hicho). Harufu inayotoka baada ya tendo, kama ya samaki, mara nyingi inatokana na wale walinzi kupungua na bakteria wengine kuzidi. Manii hayana asidi, ndiyo maana harufu inaamka wakati huo. Hiyo dawa yake ni metronidazoli, na dozi humalizwa hata harufu ikikatika siku ya tatu. Uchafu ukiwa wa kijani au njano wenye povu, hapo tunafikiria trikomona, kijidudu cha zinaa, na mwenzako naye anameza siku hiyohiyo, la sivyo mtarushiana kama mpira. Na siku utakayopata maumivu chini ya kitovu, homa, au maumivu ya ndani kabisa wakati wa tendo, usikae na jambo hilo nyumbani hata usiku mmoja. Ugonjwa unaweza kuwa umepanda kwenye mirija ya uzazi, na mirija ikipata makovu ndipo tunapoanza habari za kukosa mtoto au mimba kutunga nje ya kizazi.

Nenda kituo cha afya, na maneno ya kusema ni haya: "Naomba nikaguliwe ukeni." Wakitaka mkojo, jisafishe kwanza, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Wakisisitiza ni UTI, omba mkojo uoteshwe, wajue mdudu gani na anakufa kwa dawa gani. Kwa kuwa imekurudia mara nne ndani ya mwaka, pima sukari na VVU pia, maana vyote viwili huwapa fangasi nafasi.

Shabu achia wanaosafishia maji. Inakausha na kuchanachana ngozi ya ndani, na kwenye michubuko hiyo VVU na wenzake wanaingia kwa urahisi. Ndani ya uke hapaoshwi kwa sabuni, wala kwa kidole, wala kwa mvuke. Osha nje, maji matupu yanatosha. Na wale mlioniandikia kuhusu kitunguu saumu: kile ni cha mchuzi.

Mama, mimi ni mwalimu, miaka 38, nina mtoto mmoja. Hedhi yangu inakwenda siku tisa, mabonge makubwa. Altrasaundi imeonyesha vimbe tatu na kizazi kimekuwa "cha wiki 14". Daktari anasema upasuaji. Kuna mtu anauza dozi ya kuyeyusha uvimbe kwa siku 30, shilingi 180,000, bila kisu. Naogopa kisu kwa sababu natafuta mtoto wa pili. Siku hizi nikipanda ngazi za darasani moyo unakimbia, na pemba natafuna kutwa.

Mwalimu, naanza na hiyo pemba, maana wewe umeiweka mwisho kama utani. Mtu mzima anayetamani udongo au barafu kutwa, mara nyingi mwili umeishiwa madini ya chuma. Moyo kukimbia kwenye ngazi unasema hivyohivyo. Kesho kapime wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito tunataka 12 na kuendelea. Ukikuta 7, uvimbe unasubiri, kwanza ni damu. Vidonge vya chuma vimeze na chungwa, na chai ya rangi iwekwe mbali navyo angalau saa moja, maana inakizuia chuma kuingia. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke.

Sasa uvimbe. Hizi faibroidi ni vinundu vya misuli ya kizazi chenyewe, na saratani ndani yake ni jambo la nadra sana. Kwetu wanawake weusi ni jambo la kawaida kabisa, wengi wanafika miaka 50 wanavyo na hawajui. "Wiki 14" haina maana una mimba wala kwamba uvimbe una umri huo. Daktari amepima kizazi, akakuta kimefikia ukubwa ambao kingekuwa nao kwenye mimba ya wiki 14. Jambo ambalo watu hawaulizi ni uvimbe umekaa wapi. Ulio nje ya ukuta unaweza kuwa kama nazi na usikutoe hata tone la ziada. Ulioingia ndani, pale mimba inapokaa, hata ukiwa kama ndimu utakumwagisha damu na kuzuia mimba kushika. Rudi na hilo swali kwa daktari: ipi kati ya hizo tatu iko ndani?

Hiyo dozi ya 180,000 naijua. Wana picha kwenye simu: mabonge na vitu kama utumbo, "tazama uvimbe unavyotoka." Mabonge ni damu iliyoganda, wewe mwenyewe unayatoa kila mwezi bila kumlipa mtu. Kile kinachofanana na utumbo, hasa kwa dawa za kuingiza ukeni, ni ngozi laini ya ukeni iliyoungua ikabanduka. Msuli uliojikunja ukawa mgumu kama mpira wa raba hauyeyuki ukatiririka. Vinundu hivi vinalishwa na homoni, na husinyaa vyenyewe hedhi ikishakoma. Na wapo niliowapokea wodini macho ya njano, ini limechoka na dawa za chupa zisizo na jina.

Kisu unachokiogopa kiko cha aina mbili, na nadhani hapo ndipo mlipopotezana na daktari. Kuna kutoa uvimbe na kukiacha kizazi, na kuna kutoa kizazi chote. Wewe unayetafuta mtoto unazungumzia hiyo ya kwanza. Watu wanashika mimba baada yake. Utaambiwa usubiri miezi kadhaa kidonda kipone, na huenda ukajifungua kwa upasuaji kwa sababu kizazi kina kovu. Sikufichi kwamba uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye, wala kwamba damu inaweza kutoka nyingi mezani, ndiyo maana ndugu huombwa kuchangia chupa mapema. Usipande meza hiyo na wingi wa damu wa 7. Wakati unajiandaa, zipo dawa za kupunguza damu siku za hedhi, kama asidi traneksamiki. Mwulize.

Mimi nilitembea na uvimbe miaka sita. Nesi mzima! Zamu za usiku nilikuwa nakunja khanga kuukuu nafunga ndani ya sare, juu ya pedi mbili, na nikikaa nakaa pembeni ya kiti. Nilikuwa nawapima wenzangu damu na yangu siipimi. Siku niliyoanguka kwenye korido nilikuwa na 6.4. Nikapewa chupa mbili, kizazi kikatoka nikiwa na miaka 45 na watoto wanne. Baada ya miezi mitatu nilipanda ngazi za ghorofa nikiwa naongea. Uamuzi wangu si wako, wewe una miaka 38 na hamu ya mtoto. Ila usikae miaka sita.

Mwenzangu, habari za siku. Mwanangu wa kiume kaoa mwaka wa pili huu, mkewe hajashika mimba. Tumempeleka kwa mtu wa miti shamba mara tatu azibuliwe mirija. Tufanye nini zaidi?

Nzuri, mwenzangu. Nani aliiona hiyo mirija imeziba?

Mirija inaonekana kwa kipimo. Dawa yenye rangi inapitishwa kwenye mlango wa kizazi, picha ya eksirei inapigwa, tunaona rangi inapita au imekwama. Kabla ya hapo kila mtu anabahatisha, na unga wa kunywa kwenye uji hauendi kuzibua kitu, unakwenda tumboni kama uji mwingine. Ikishaonekana imeziba kweli, ni kazi ya daktari bingwa.

Kabla ya yote hayo, mwanao amepimwa? Naona barua nzima imekaa kimya hapo. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mume nao una la kwake. Kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote: siku mbili hadi saba bila tendo, kisha kikombe kisafi na chumba chenye komeo. Hakuna kisu, hakuna eksirei. Waende wote wawili siku moja, mwaka umeshapita na hiyo ndiyo kanuni (mke akiwa na zaidi ya miaka 35, miezi sita). Wewe baki nyumbani, uwapikie.

Shikamoo Bibi. Niko kidato cha tatu, bweni. Kila mwezi siku ya kwanza nalia, natapika, siingii darasani. Matroni anasema ni chango, nikizaa litaisha.

Marahaba, mjukuu wangu. Kumwambia mtoto wa miaka 16 kwamba dawa yake ni kuzaa! Namheshimu matroni lakini hapo amenichefua.

Kizazi kinapotoa damu kinajikamua, na kemikali zinazokikamua zikiwa nyingi unapata maumivu, kutapika, hata kuharisha. Dawa kama ibuprofeni inapunguza hizo kemikali zisitengenezwe, ndiyo maana inatakiwa iwahi. Wewe nadhani unangoja mpaka ulie ndipo unameza kimoja. Anza maumivu yanapochungulia, au jana yake kama siku zako zinahesabika: miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, siku mbili au tatu. Kama una vidonda vya tumbo au pumu, sema kwanza kwa nesi. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo nayo inasaidia, si mapokeo ya kizamani.

Fanya hivyo miezi mitatu, uandike kwenye daftari. Kama bado unakosa darasa, au maumivu yanaanza siku kadhaa kabla ya damu, au kwenda haja kubwa kunauma siku hizo, mwambie mama akupeleke kwa daktari wa wanawake, mtaje neno endometriosisi. Ni ngozi inayofanana na ya ndani ya kizazi inayoota nje yake, kila mwezi inavimba na kuvuja pasipo pa kutokea. Altrasaundi inaweza kuonyesha kila kitu ni safi na bado ikawepo, kwa hiyo usikubali kuambiwa unadeka. Ile "kizazi kimegeuka" uliyoandika chini ya karatasi isikutishe, karibu mwanamke mmoja katika watano kimekaa hivyo tangu kuumbwa.

Mama, nina miaka 41. Kliniki wananiambia nikapime saratani ya mlango wa kizazi na siki. Siki hii ya kachumbari? Naona aibu na naogopa kuumia.

Asidi ni ileile ya kwenye siki, ila hii imepimwa kipimo chake. Utapanda kitandani, utafunikwa shuka, utakunja magoti. Nesi ataingiza spekulamu, kifaa chenye midomo miwili kama wa bata, ataifungua taratibu. Utasikia ubaridi na kubanwa. Ukikaza makalio utaumia, ukitoa pumzi kwa mdomo utashangaa imeshaingia. Anamulika, anapakaza siki kwa pamba, anasubiri dakika moja. Hiyo dakika ni ndefu kuliko zote, mimi nilikuwa nawauliza bei ya samaki. Mlango wenye afya unabaki na rangi yake ya waridi. Penye seli zilizoanza kubadilika panageuka peupe.

Peupe si lazima pawe saratani, kwa kawaida ni onyo lake. Mara nyingi panatibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Ugonjwa huu unaletwa na kirusi cha HPV, ambacho karibu kila aliyewahi kukutana na mwanamume hukipata, na wengi mwili unakiondoa wenyewe. Kikikaa kinachukua miaka, 10 hata 20, kugeuka saratani, kwa mwenye VVU ni haraka zaidi. Muda wote huo tunaweza kukiona. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanafika imeshasambaa. Usiende ukiwa hedhini, wala usiweke dawa yoyote ukeni siku hizo. Binti yako wa miaka 11 uliyemtaja achanjwe shuleni. Chanjo ilianza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Hiyo habari kwamba inafunga kizazi ni ya mtaani.

Mwenzangu, nina miaka 59, hedhi ilikoma mwaka wa saba sasa. Mwezi uliopita nimeona damu siku tatu, na juzi tena. Majirani wanacheka wanasema ujana umerudi. Niandikie gazetini.

Mwenzangu, barua yako ilifika Jumanne na gazeti linatoka mwisho wa mwezi, sikungoja. Nimepiga namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, binti yako akapokea. Kwa wenye hali kama ya huyu mwenzangu, nyote mliokaa mwaka mzima bila hedhi kisha mkaona damu, hata tone, hata mara moja: mara nyingi ni ngozi ya uke iliyokonda kwa umri, ila wapo ambao ni saratani ya kizazi au ya mlango wake, na kwa macho hatuwezi kuzitofautisha. Ni kukaguliwa, altrasaundi ya kupima unene wa ngozi ya ndani, na kipande kidogo kikachunguzwe maabara.

Yeye na binti yake wanakwenda hospitali ya mkoa Alhamisi. Nimemwambia binti achukue kadi ya bima, orodha ya dawa za presha anazomeza mama yake, na khanga mbili.